Mlango Usio na Nyumba

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Mlango usio na nyumba!
Nani kaujenga?
— Hajulikani!

Sogeeni basi. Karibu zaidi. Na wewe, usigeuke nyuma.

Hapo kale palikuwa na vijiji viwili, Chumvini na Mtamani. Huku wanachota chumvi, kule wanavuna mtama, wanabadilishana, wanaoana, wanazikana. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Asubuhi moja wakaamka, kati yao pana mlango, na mlangoni Bawabu. Halali. Hana kope, atalalaje?

Akaja mfinyanzi wa Chumvini. Bawabu akamwuliza:

"Kitovu chako kimezikwa wapi?"

"Chumvini, bwana, napeleka vyungu tu..."

"Huko unakokwenda si kwenu. Simama."

Akasimama. Jua halijatua, miguu imeota mizizi, mwili umekuwa nguzo. Akaja mkunga, akasimama. Nguzo zikawa ua, ua ukarefuka, nguzo kwa nguzo. Watu hao, jamani! Watu!

Chumvini chumvi ikarundikana, vyungu vitupu. Mtamani fukusi wakala mtama, nyama ikaoza kwa kukosa chumvi.

Basi huko Chumvini mama mmoja, Nyamvula, akajifungua peke yake, mkunga kawa nguzo ya ua. Mumewe, Ndoro, akabeba kapu la chumvi akatafute mtama wa uji. Alijua. Akaenda tu. Akasimama.

Titi la Nyamvula likakauka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Akamfunga mtoto kifuani, akatoka. Karibu na mlango akapapasa nguzo: ina joto. Ina lile kovu la panga alilokuwa nalo Ndoro. Hakulia. Akapita upesi.

"Kitovu chako?"

"Mtamani. Huku nimeolewa tu."

"Pita. Cha mtoto?"

Mtoto akaanza kuwa mzito, mzito, mzito kama gogo, na vidole vyake vimekakamaa!

"Cha mtoto, nauliza!"

Nyamvula akafungua kanga. "Tazama mwenyewe. Bado hakijadondoka, hakijazikwa popote. Sasa asimame upande upi?"

Mtoto akawa mwepesi. Bawabu akainama, akatazama.

"Hicho ni cha nini?"

Lo! Anauliza watu kitu asichokijua!

"Hapo ndipo mama alipomshika mtoto. Wewe chako kiko wapi, baba?"

Bawabu akapapasa tumbo. Laini kama kibuyu. Akapapasa tena. Akapapasa mara ya tatu.

"Sina."

"Kwani hukuzaliwa?"

"Niliwekwa."

"Basi hata hapa si kwenu. Simama."

Akasimama. Mizizi ikamshika.

Nyamvula akavuka, mama yake akampikia uji, maziwa yakarudi. Kitovu kilipodondoka, akaja kukizika pale pale mlangoni, chini ya nguzo ya Ndoro. Chumvi ikavuka, mtama ukavuka.

Lakini nguzo hazikurudi kuwa watu. Mpaka leo zina joto. Ukipita, zisalimie. Zikikuitikia, usisimame.

Ngano yangu nimeivusha, sikuulizwa. Nanyi ivusheni.
— Tumeivusha!
Nani kaujenga ule mlango?
— Hajulikani!