Pimbi na Mapipa ya Uwanja wa Makwato

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakipanga vyumba mjini na kugombania foleni ya bomba la maji kama sisi, palikuwa na uwanja mkubwa mbele ya soko. Uliitwa Uwanja wa Makwato.

Kila mchana pale palichangamka. Kinyonga alisimama juu ya kreti akibadili rangi, watazamaji wakimpigia kelele, "Nyekundu! Haya, sasa kijani!" Mzee Kobe alipiga marimba yake ya mbao, tilili-ting, tilili-ting. Na kando yake alikaa Pimbi na ngoma yake. Alikuwa mdogo, umbo lake halifiki hata nusu ya mbuzi, lakini mikono yake ilikwenda mbio hata usiione.

Siku moja ubao ukasimamishwa katikati ya uwanja. Uliandikwa hivi: NI MARUFUKU KUPIGA, KUPULIZA AU KUCHEZESHA UMATI BILA KIBALI. CHOMBO CHA MKOSAJI KITAVUNJWA HADHARANI. Chini yake palikuwa na sahihi ya Bibi Twiga, hakimu wa jiji, ambaye ofisi yake ilikuwa ghorofani, dirisha likitazama uwanja huohuo.

"Hicho kibali kinatolewa wapi?" Pimbi akauliza.

"Hakitolewi," akajibu Afande Nyati, mkuu wa mgambo. Filimbi ilining'inia shingoni mwake, na mkononi alishika rungu nene kama mchi.

"Sasa tutakipataje?"

"Hamtakipata! Ndiyo maana ya marufuku, we kipande cha mnyama!"

Mzee Kobe hakuyasikia hayo. Masikio yake yalikuwa mazito, na macho yalikuwa yameshaanza ukungu. Akainua vijiti vyake kama siku zote. Tilili-ting...

Fiiii! Nyati akapuliza filimbi. Akaja mbio, gudu-gudu-gudu, akashusha rungu. Kra! Kra! Mbao za marimba zikaruka huku na huku.

"Afande, tafadhali!" Mzee Kobe akalia. "Marehemu mke wangu ndiye aliyezichonga hizo!"

"Basi mwambie akuchongee nyingine!" Nyati akaangua kicheko, akaigeukia ngoma ya Pimbi, akaitia mguu. Bwii! Ikapasuka.

Pimbi hakulia. Alipiga magoti, akamsaidia mzee kuokota vipande kimoja kimoja. Hasira yake akaiweka moyoni. Wauza nyanya walitazama pembeni. Juu kule, Bibi Twiga alichungulia mara moja, kisha akafunga pazia.

Ni lile pazia lililomchoma Pimbi kuliko rungu.

Alfajiri ya siku ya pili alifika uwanjani kabla ya mtu yeyote. Palikuwa na mapipa saba ya chuma, ya kutupia taka. Akayapanga mstari mmoja. La kwanza akaliacha tupu, la pili akalitia mchanga robo, la tatu nusu, na mengine kila moja kwa kipimo chake. Kila pipa alilipiga kidole, tong, akalitegea sikio, akaongeza mchanga au akapunguza. Kisha akapita vibandani akinong'ona, "Saa sita kuna mpiga ngoma wa ajabu. Njooni, lakini mikono mitupu. Asije mtu na chombo."

Saa sita uwanja ulijaa pomoni. Pimbi alikaa ukingoni, mikono mapajani.

Nyati akatokea akihema. "Mmekusanyikia nini? Nani anapiga hapa?"

"Hakuna anayepiga, Afande," Pimbi akasema kwa adabu. "Wanamsubiri mpiga ngoma mgeni. Wanasema leo atapiga mpaka mawe yacheze."

"Bila kibali?"

"Bila kibali, Afande."

"Yuko wapi?"

"Mimi ningejuaje? Ila hebu yatazame hayo mapipa. Ningekuwa mkosaji, ningejificha humo."

Nyati hakungoja. Akalifikia pipa la kwanza, akalitwanga. Ngoo! "Toka!"

"La tatu, Afande! Nimesikia kitu!"

Dum! "Toka humo!"

"Rudi la kwanza!" Ngoo! "La tatu tena!" Dum! "La tano! La tano mara mbili!" Ka-ka! "Piga filimbi umtishe!" Fiiii!

"Kwanza! Tatu! Tano, tano! Filimbi!"

Ngoo, dum, ka-ka, fiiii! Ngoo, dum, ka-ka, fiiii!

Nyati alikimbia mstari mzima na kurudi, jasho likimtiririka, kwato zikigonga mawe, gudu-gudu. Bega moja likatikisika kwenye umati. Kisha likafuata la pili. Punde wauza nyanya walikuwa wakizunguka na vikapu vyao kichwani, na Kinyonga alikuwa akibadili rangi kwa kila pigo. Uwanja mzima ukacheza!

Dirisha la ghorofani likafunguka kwa kishindo. Shingo ndefu ikatoka.

"Ni nani anayepiga ngoma chini ya ofisi yangu?"

"Afande Nyati!" umati ukaitika.

Nyati akasimama, rungu hewani, filimbi bado mdomoni.

"Mheshimiwa, mimi nilikuwa namtafuta mkosaji..."

"Umepiga, hukupiga?" Pimbi akauliza. Sauti yake ndogo ilifika mpaka juu.

"Nimepiga, lakini..."

"Umepuliza?"

"Nimepuliza, ila..."

"Umati umecheza?"

"Tumecheza!" wakapaza sauti wote.

"Una kibali?"

Nyati akamtazama Bibi Twiga. Bibi Twiga akautazama ubao wenye sahihi yake.

"Tusikilizane," hakimu akaanza kwa upole. "Huyu ni mtumishi wa jiji. Sheria hii haikuwa na maana ya..."

"Jana ilikuwa na maana!" Pimbi akafoka, na sasa ile hasira yote ikapata mlango. "Jana ilikuwa na maana kwa mzee asiyesikia, nawe ukavuta pazia! Leo uwanja mzima umeona. Ama uivunje sheria yako, ama livunjwe rungu lake. Chagua, tukisikia sote!"

Hakuna aliyepiga makofi. Walisimama tu wakimtazama hakimu, naye hakuwa na pazia la kutosha kuwafunika macho wote wale.

"Vunja," akasema kwa sauti ya chini. "Rungu na filimbi. Halafu ng'oeni huo ubao. Sheria imefutwa."

Nyati akaliweka rungu gotini mwake, akalivunja kwa mikono yake mwenyewe. Kra! Filimbi akaikanyaga. Akaondoka ameinamisha pembe, umati ukimzomea, "Uuuu!"

Pimbi hakuzomea. Alimwendea Mzee Kobe, aliyekaa kando ya umati, akamwinamia sikioni na kumweleza kwa sauti kubwa yaliyotokea.

"Marimba yangu hairudi, mwanangu," mzee akasema.

"Najua, babu. Hasira zangu nazo bado ninazo."

Wanangu, hadithi yangu imekoma hapo, na neno lake ni hili: atungaye sheria ya kuwaonea wadogo, ajue kwamba wadogo nao wanajua kusoma.