Jembe Kwenye Foleni

Mtu mmoja alikuwa na shamba la ekari mbili na jembe moja tu. Jina lake Mwadime. Shamba aliachiwa na baba yake, na mipaka yake kila mtu aliijua: huku ua wa mnyaa, kule kijito. Hakuna aliyewahi kuligombania.

Mji wao ulikuwa mdogo, mji wa wakulima. Siku moja ukafanywa makao makuu ya kaunti. Vigelegele vikapigwa, ng'ombe akachinjwa. Ikafunguliwa ofisi ya ardhi, ikatangazwa kwamba kila mwenye shamba aje aandikishwe, apewe hati. Mwadime alifurahi mno. Alisema moyoni, "Sasa hata nikifa, binti yangu Wakesho hatafukuzwa na mtu." Hilo ni jambo jema, simlaumu.

Lakini dirisha lilikuwa moja, na foleni iliizunguka ofisi mara mbili. Aliyetoka kidogo aliacha kitu kimshikie nafasi. Walioacha mawe, mawe yao yalipigwa mateke. Mwadime, kama majirani zake, akalisimika jembe lake, maana katika mji ule nani angethubutu kugusa jembe la mwenzake? Kila siku foleni ilisogea hatua mbili, naye akilisogeza jembe, akirudi kuketi kivulini.

Kisha mvua ikanyesha. Jamani, mvua haina foleni! Majirani wakachomoa majembe yao, wakakimbilia mashambani. Mwadime aliona nafasi zao zikizibwa, akafurahi kwamba amesogea mbele. Siku ya tatu mkewe akaja, panga mkononi, matope hadi magotini. Alikuwa amelima kwa panga mistari minne tu, kwani nani atakuazima jembe lake mvua ya kwanza inaponyesha?

Akasema, "Baba Wakesho, shamba halijawahi kutuuliza jina. Linauliza jembe."

Mwadime alitazama mbele. Walibaki watu kumi na tisa. Moyo ulimuuma, lakini jembe hakulichomoa. Mkewe akarudi peke yake.

Alifika dirishani mvua ikiwa imekwisha kukatika. Karani alikuwa mtu mpole. Aliandika jina, akaandika ekari, akauliza, "Mzee, umepanda nini msimu huu?" Mwadime akalitazama jembe lake. Udongo wa msimu uliopita ulikuwa umelikaukia. Aibu ikamjaa. Karani akaacha nafasi ya jibu wazi, akagonga muhuri.

Hati ile ilitundikwa ukutani, na kweli jina halikukosewa hata herufi moja. Na mahindi ya majirani yalipokomaa, Wakesho alitumwa akiwa na kikapu kwenda kuwaomba.

Karatasi si mbaya, ndugu zangu, nayo nafasi ya mbele ni tamu. Ila niambieni, ninyi mlioketi hapa, na mvua ndiyo hii inanyesha: jembe lako umeliacha wapi?