Chuo Kilichohamia Chumbani kwa Jumbe

Hapo zamani, wakati bibi yangu naye akisimuliwa na bibi yake, palikuwa na mwanafunzi maskini jina lake Machano. Asubuhi alisoma Kurani chuoni kwa Maalimu Shaali; jua likipanda alikwenda kumpepea mtawala wa mji, Jumbe Mwinyikondo, kwa pepeo la ukindu. Ujira wake kibaba cha mchele, ndicho alichokula yeye na mamake mjane.

Basi ukaja mwaka wa joto, Jumbe akataka upepo tangu kucha hadi kuchwa. Na Jumbe huyo huyo alikwisha piga mbiu kwamba kijana atakayekosa chuo, hata siku moja, atatolewa mjini.

Machano akapiga magoti. "Bwana wangu, nishike lipi?"

"Yote mawili," akasema Jumbe. "Kutwa nikuone hapa, na kutwa maalimu akuone chuoni. Mimi nikikukosa, kazi huna. Wapo mia wanaoitaka. Maalimu akikukosa, mji huna."

"Na mama, bwana, atakula nini?"

"Mama ni wako, si wangu."

Machano akaenda zake akijifuta machozi, na watu wakamcheka, maana alikuwa na sifa ya upumbavu, naye hakuikataa. Mimi sina la kumcheka: chuoni nilikaa siku tatu, na zote nililala.

Ikawa kesho yake adhuhuri, Jumbe kajinyoosha kitandani, pepeo linakwenda, usingizi unamnyemelea, mara "Hodi!" Akaingia maalimu na watoto arubaini, mbao za kuandikia kwapani, wakatandika majamvi mpaka uvunguni. Wakaanza kwa sauti moja: "Alifu! Be! Te!" Zaidi ya hapo msiniulize.

Jumbe akaruka. "Machano! Mambo gani haya?"

"Ni amri yako, bwana. Wewe waniona kazini, na maalimu aniona chuoni. Mwenye akili angejigawa. Mimi nimejaribu tangu jana, nimepata Machano mmoja tu, naye mbovu."

"Maalimu, nawe ukakubali?"

"Bwana, chuo changu chavuja. Hapa pakavu."

"Na mtakaa mpaka lini?"

"Kutwa, bwana, na kila siku," akasema Machano. "Ndivyo ulivyotaka."

Katoto kamoja kakaomba maji, kengine kakaomba kwenda uani. Jumbe akashika kichwa. "Yatosha! Machano atasoma asubuhi, atapepea adhuhuri hadi alasiri!"

Watoto, waliozoea kuitikia kila lisemwalo na mkubwa, wakaitikia: "Machano atasoma asubuhi, atapepea adhuhuri hadi alasiri!" Wapita njia wakajaa dirishani.

"Na wale mia wanaoitaka kazi yangu, bwana?" akauliza Machano.

"Hafukuzwi kwa kusoma, na kibaba chake hakipungui!"

"Hafukuzwi kwa kusoma, na kibaba chake hakipungui!"

Jumbe akatazama dirishani, akaona mji mzima umesikia, neno halirudi tena. Akajifunika shuka, akanong'ona, "Leo nimeshindwa na mpumbavu."

"Leo nimeshindwa na mpumbavu!" wakaitikia wote arubaini.

Hapo Jumbe akacheka mpaka kitanda kikalia, na Machano akazidi kupepea, maana alasiri ilikuwa bado.