Sauti ya Bi Mize

Hapo zamani, na msinicheke, zamani yenyewe ni ya juzi tu, alikuwepo Biubwa wa Tanga, bintiye marehemu Bi Mize. Zilibaki siku saba aolewe na roho haikumtulia. Picha za mama alikuwa nazo tele. Sauti hakuwa nayo hata kidogo. Mama aliimba kwenye harusi za wanawake, zile ambazo simu huachwa mlangoni ndani ya beseni, asirekodi mtu.

Basi akaingia kwenye chaneli ya kubadilishana nyimbo za zamani, akaandika: "Atakayenipatia sauti ya mama atakaa kwenye kiti cha mama siku ya ndoa yangu." Kiti chenyewe kimoja. Tangu hapo akawa wa kuchungulia simu. Akila, anachungulia. Akisukwa, anachungulia. Akipakwa hina, anachungulia kwa kidole kilichobaki kikavu.

Raya wa Mombasa akatafuta. Alipita chaneli arobaini, akasikiliza harusi mia za watu asiowajua, maana wenye chaneli hizi kila faili wanaliita "harusi", Mungu awasamehe. Siku ya nne, ndani ya "harusi 14", akasikia mtu akisema, "Bi Mize, rudia hapo." Faili likakatika, wimbo haujaanza.

Raya akalitangaza jina la faili. Nyamizi, mwalimu wa Tabora, akajibu kuwa analo zima. Miaka tisa amelitunza bila kulisikiliza, kwa kuwa sheria ya chaneli ni ukichukua, utunze. Akatuma, likakatika. Akatuma, likakatika. Siku mbili alipanda kilimani na kompyuta akiufuata mtandao, hadi likafika. Biubwa akasikiliza, akalia, akalirudia, akalia tena.

Siku ya ndoa wakafika wote wawili. Akafika na wa tatu, Mwanakheri, jirani wa mtaa wa pili.

Raya akasema, "Nisingetafuta, lingebaki limelala."

Nyamizi akasema, "Nisingetunza, ungetafuta hewa."

Mwanakheri aliinamisha kichwa. "Mimi ndiye niliyerekodi. Mama yako alikataza, nikaificha simu kifuani. Nikalituma kwenye chaneli, kisha simu ikaibiwa. Ningemtii, leo wasingekuwa na cha kutafuta wala cha kutunza."

Hapo mama mdogo wa bibi harusi akawaka. Alisema dada yake hakutaka sauti yake itoke ukumbini, na waliokuja wote wamekula cha wizi. Kiti kibaki kitupu.

Lakini Biubwa ameshaahidi mbele ya watu, naye si wa kula matapishi yake. Shehe yuko barazani, anauliza kulikoni. Wanawake watatu wamesimama, kiti kimoja, na Biubwa ananitazama mimi.

Mimi nawatazama ninyi. Msijikohoze. Kiti cha Bi Mize akae nani?