Ufunguo wa Nyumba ya Bi Mwajabu

Sogeeni, sogeeni hapa jamvini. Wewe Sauda, ziache nywele za mwenzio. Nataka kimya, maana hadithi hii ina damu.

Palikuwa na Bi Mwajabu na wanawe watatu. Semvua alijua kuchora vioo. Mhina alikuwa na miguu isiyochoka na ngumi nzito. Mwantumu, kitinda mimba, alikuwa na macho ya mwewe.

Mama yao aliugua saratani ya titi, akakatwa, akapona. Baadaye akaanza kukonda. Daktari akasema, "Nahofia chembe za saratani zimetorokea kwenye damu. Humo hujichanganya kama majambazi gulioni. Tukizikamata mapema, tutajua dawa ya kumpa."

Bi Mwajabu akasema, "Atakayemkamata muuaji wangu, nyumba hii ni yake."

Na nyumba haikatwi kama papai, wajukuu zangu.

Semvua akachora kwenye kioo vijito vya kuchuja damu, vyembamba kuliko unywele: damu njema, laini, ipenye, jambazi, nene na gumu, likwame. Kioo cha kumi kikapasuka, kipande kikamwingia jichoni. Akakichomoa, damu ikamchuruzika hadi kidevuni.

"Kaka, pumzika!" akasihi Mwantumu.

"Nipumzike mama anakufa?"

Cha kumi na moja akakimaliza kwa jicho lililobaki.

Mhina akachukua kichupa cha damu ya mama kukipeleka maabara. Damu ile haitaki kutikiswa wala kucheleweshwa. Njiani wanyang'anyi watatu wakamzingira.

"Lete hicho!"

"Ni damu ya mama yangu."

"Basi tutaongezea na yako!"

Akainua kichupa juu kwa mkono wa kushoto, ukatulia kama umebeba mtoto aliyelala. Wa kulia ukapigana. Ukamvunja mmoja taya, mwingine mbavu. Panga la wa tatu likashuka, likaondoka na vidole vinne vya mkono huo. Kichupa? Hakikutikisika, kikafika maabara.

Mwantumu akainamia hadubini, damu ikipita kwenye vijito vya kakaye. Mumewe akaingia na mkanda.

"Siku ya tatu hujarudi nyumbani! Mke gani wewe?"

Mkanda ukalia mgongoni.

"Moja," akasema Mwantumu, akihesabu chembe zilizokwama.

Ngumi ikafuata, meno mawili yakadondoka mezani. Kichwa kikayumba, akarudisha jicho kwenye hadubini.

"Mbili. Tatu. Niitie daktari, bwana, halafu uje unimalize."

Dawa ikapatikana. Bi Mwajabu akaishi miaka tisa mingine. Kila alipofungua kinywa amtaje mmoja, aliwatazama wale wawili, akakifunga. Akafa hajataja.

Semvua amerithi shimo la jicho. Mhina amerithi kidole gumba kinachowasubiri wenzake wasiokuja. Mwantumu amerithi talaka na pengo. Nyumba ina kufuli, na marehemu, shoga yangu, ufunguo aliniachia mimi. Huu hapa, kwenye pindo la kanga.

Kesho wanakuja wote watatu. Je, ungekuwa wewe, ungeuweka mkononi mwa nani?