Shahada ya Masoko Isiyo na Wateja

Mganga anayeponya mtaa mzima huweza kulala na homa yake mwenyewe, na wala si kwamba dawa zake ni maji matupu. Asiyeamini na asikie yaliyomkuta mama mmoja, mkaguzi wa vyuo, siku alipotumwa kuamua kama shahada ya masoko iendelee kufundishwa au ifutwe.

Alipotea tangu langoni. Kila ukuta ulikuwa na bango la kuvutia lenye mshale, na kila mshale ulimpeleka Idara ya Uhasibu. Alifika huko mara ya pili akitweta, akakuta wanafunzi wamefurika hadi wengine wameketi madirishani.

"Masoko? Panda ngazi za nyuma, mama, pale penye ndoo," msichana mmoja alimwelekeza.

Huko juu alizidi kuchanganyikiwa. Alitarajia kukuta uozo, maana aliambiwa hakuna anayeomba kusoma pale. Lakini lo! Somo lilimnogea hata yeye aliyekuja kutafuta makosa. Wanafunzi walikuwa wa kuhesabika kwa vidole, ila kila alilouliza walilijibu bila kigugumizi. Sasa kasoro iko wapi?

Mkuu wa idara alikuwa bwana mpole, ambaye wanafunzi walimbandika jina la Samahani kwa kuwa ndilo neno lake la kwanza kila asubuhi.

"Daktari, kazi za vitendo mnafanyia wapi?" mkaguzi alimwuliza.

"Samahani, mama. Uliyaona yale mabango huko chini?"

"Yaliyonizungusha kama pia? Nimeyaona!"

"Ni ya vijana wangu. Niliwapa kazi ya kuinadi Idara ya Uhasibu. Ilikuwa hoi, karibu ifungwe. Itazame leo!" Uso wake uling'aa kwa fahari.

Mkaguzi alimtazama asijue acheke au alie. "Na yenu je, nani aliinadi?"

"Kujisifu wenyewe... samahani, tuliona haya."

Jioni, mbele ya wakuu wa chuo, mkaguzi alimpa nafasi ya mwisho. "Tuambie, Daktari, kwa nini mtoto wa mtu aje kusoma kwako?" Moyoni alimwombea aseme neno, lolote lile.

Samahani alisimama, akarekebisha miwani, akafungua kinywa. "Tunajitahidi," alisema, akaketi.

Mkaguzi aliingiwa na huzuni. Angewezaje kumtetea mtu asiyejitetea? Alishika kalamu ili aandike shahada ifutwe.

Hapo akainuka mkuu wa Uhasibu, mama wa sauti nene.

"Jamani, huyu kaka yangu hajui kujisemea, niacheni nimsemee. Idara yangu ilikuwa mahututi, vijana wake wakaifufua bila kudai hata asante. Mkiwafuta, siku mkiugua ninyi nani atawatibu? Kwangu hakuna pa kukanyaga. Kesho ile mishale naielekeza ngazi za nyuma kwa mkono wangu mwenyewe!"

Ukumbi uliangua kicheko. Mkaguzi alicheka huku akifuta machozi, akaandika: iendelee. Mpaka anaondoka hakuelewa mtu anawezaje kuuza kila kitu isipokuwa chake. Mlangoni alimpita Samahani, amemshika mkono yule mama wa Uhasibu, anatafuta neno la kusema.

"Samahani, dada," alisema hatimaye, na yule mama akamjibu huku akicheka, "Nyamaza tu, kaka. Mganga hajigangi."