Sahani ya Mtu wa Dini Zote

Bwana Ngwilizi, mwenye nyumba, hakukosa sikukuu hata moja. Idi alidai pilau kwa wapangaji Waislamu, Krismasi kitimoto cha nguruwe kwa Wakristo, Diwali vitamu kwa Wahindi.

"Mimi ni mtu wa dini zote," alisema. "Anayeninyima sahani, ahame."

Ramadhani ilipoanza, majiko ya mchana yakapungua. Akamwamuru mpangaji wake, Mama Hosiana, ampikie chakula cha mchana.

"Kama mtu wa dini zote, bwana?"

"Zote! Usiruke hata moja."

Mama Hosiana akapika, akawaita wapangaji wote uani. Bwana Ngwilizi akanyoosha mkono kwenye kitimoto.

"Aa, bwana, wewe Mwislamu," alisema Mama Hosiana, akakiondoa.

Akageukia nyama ya ng'ombe.

"Wewe Mhindu."

Akashika viazi.

"Wewe Mjaini, na Wajaini wa kule India hawali vinavyochimbwa ardhini."

"Basi nipe wali mtupu!"

Mama Hosiana akatazama juu. "Ramadhani hii, bwana? Na jua lote hili?"

Ua mzima ukacheka.

"Mimi sina dini!" alifoka Bwana Ngwilizi, akiuvamia wali.

"Mmesikia wenyewe," Mama Hosiana aliwaambia wapangaji. "Idi msimsumbue na pilau."